Ploti yako umeiandikia 'haiuzwi', jina lako mtandaoni je?

Ukitembea mtaa wowote wa Nairobi na viunga vyake, hutakosa kuona ukuta au lango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mwenyewe hakuandika hivyo kwa sababu anapenda kuchorachora kuta. Anajua anaishi wapi. Asipoweka alama, keshokutwa atapata mtu mwingine ameshachimba msingi, na tena ana stakabadhi zenye muhuri.

Sasa nikuulize wewe unayesoma haya kwenye simu. Ile biashara yako ya viatu vya mitumba, ya keki, ya kupiga picha harusini au ya kusuka nywele, jina lake umeliwekea alama wapi? Kwenye bango la duka, sawa. Kwenye Instagram na TikTok, sawa. Na anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.ke au .com, ambayo wataalamu huiita kikoa, iko mikononi mwa nani?

Usinijibu haraka. Binamu yangu naye alidhani analo jibu.

Yeye hushona mikoba ya vitenge. Alianza na cherehani moja ya kukodi Kawangware, akiuza kupitia WhatsApp. Mwaka wa pili oda zilipoanza kumiminika, akaamua awe na tovuti kama wenzake. Akatafuta fundi wa tovuti, kijana wa rika letu, akamtumia Sh15,000 kwa M-Pesa. Tovuti ikatoka safi. Kwa furaha, binamu akachapisha lebo mia nne zenye anwani ile na kuanza kuzishona ndani ya mikoba.

Hakuuliza swali moja dogo: jina hili limesajiliwa kwa nani?

Alikuja kuuliza mwaka mmoja na nusu baadaye, tovuti ilipoharibika na fundi wa kwanza hashiki simu. Fundi wa pili alipochunguza alipata kwamba kikoa kimeandikishwa kwa jina na baruapepe ya yule wa kwanza. Hatimaye jamaa akapatikana, na jibu lake lilikuwa fupi: "Dadangu, hilo jina ni langu. Ukilitaka, leta sitini." Alimaanisha elfu sitini.

Binamu akaenda kituo cha polisi. Afisa wa zamu alimsikiliza kwa upole, kisha akamuuliza, "Madam, kilichoibwa hasa ni nini?" Akakosa cha kuonyesha. Akaambiwa hayo ni mambo ya makubaliano yao wawili, aende kortini kwa kesi ya madai. Wakili wa kwanza aliyempigia alitaja ada iliyozidi hizo sitini elfu. Basi binamu akabadilisha jina la biashara. Jumapili mbili nzima tulikaa sebuleni kwake tukifumua lebo kwa wembe, mkoba baada ya mkoba. Ile anwani ya zamani ukiifungua leo inakupeleka kwenye tangazo la kamari.

Ninakusimulia haya kwa sababu kila mjadala wa unyakuzi wa majina mtandaoni ukizuka, wanaosikika ni mabenki na kampuni kubwa. Wao ndio wana mawakili na ndio hupigia debe adhabu kali. Mimi nasema hivi: sheria tuliyo nayo Kenya ni rungu kubwa linaloweza kukuangukia wewe usiye na hatia, na wakati huohuo haliwezi kumsaidia binamu yangu hata kidogo. Tunachohitaji ni njia ya haraka na ya bei nafuu ya kuamua jina ni la nani, na kifungo kiachiwe walaghai wenyewe.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika liitwalo KeNIC, na huuzwa kupitia mawakala wa usajili. Jina la .co.ke hugharimu kama elfu moja hivi kwa mwaka. Unaandika jina unalotaka na kama hakuna aliyelichukua, unalipa na linakuwa lako. Hakuna anayekuuliza kama una duka lenye jina hilo au kama unaijua maana yake. Anayetangulia kufika ndiye anayehudumiwa, kama kwenye foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni.

Utaratibu huu una uzuri wake. Ndio uliomwezesha kijana wa Kisii au Kilifi kupata anwani yake dakika tano tu baada ya kupata wazo, bila kumjua mtu ofisini na bila kitu kidogo. Lakini mlango huohuo humwingiza na mtu wa pili, yule anayesubiri biashara yako ichipuke, anasajili jina lako kabla yako, kisha anakupigia simu kukuuzia kilicho chako.

Hapa tuwe waangalifu, kwa maana si kila aliyenunua jina ni mnyakuzi. Mtu akisajili neno la kawaida kama 'chapati' au 'boda' akitumaini litapata mnunuzi siku moja, huyo ni mchuuzi kama wachuuzi wengine. Amebahatisha kwa pesa zake. Aliyekutengenezea ukurasa wa kumsifu mwanamuziki anayempenda si mnyakuzi. Anayefungua tovuti ya kulalamika kuhusu huduma mbovu za kampuni fulani si mnyakuzi. Na mtu anayetumia jina alilopewa na mama yake hawezi kuwa mnyakuzi, hata kama jina hilo limeandikwa kwenye magari milioni moja.

Hilo la mwisho lilitokea kweli. Kulikuwa na bwana mmoja Marekani, mzaliwa wa Israeli, aliyeitwa Uzi Nissan. Alikuwa na kampuni ndogo ya kompyuta jimboni North Carolina, na mwaka 1994 alisajili nissan.com. Kampuni ya magari, ile ambayo jina lake sisi tuliligeuza likawa jina la matatu za abiria 14, ilimshtaki mwaka 1999 ikidai dola milioni 10. Kesi ilidumu miaka mingi na kummaliza kifedha, lakini jina hakulitoa. Alifariki 2020 likiwa bado mikononi mwake. Alishinda kwa sababu alikuwa na ukaidi wa ajabu, na kwa sababu aliweza kuonyesha kwamba jina hilo lilikuwa lake tangu kuzaliwa.

Yupo pia kijana wa Kanada, Mike Rowe, aliyekuwa na miaka 17 tu aliposajili MikeRoweSoft.com kwa kazi zake ndogo za kubuni tovuti. Ukiyatamka kwa sauti utasikia mzaha wenyewe. Microsoft hawakucheka. Mawakili wao walimpa ofa ya dola 10, gharama ya usajili. Kwa hasira, kijana akaitisha dola 10,000. Hilo likageuzwa kuwa silaha dhidi yake: tazama, alisajili ili atuuzie! Mwanzoni mwa 2004 walielewana baada ya ulimwengu kumwonea huruma, akaachilia jina na kupewa zawadi, ikiwemo Xbox. Shika somo hilo: mtu mkubwa akikuuliza bei ya jina lako, usitaje bei ukiwa umekasirika.

Wadau wa intaneti duniani waliona mapema kwamba kesi za namna hii haziwezi kwenda kortini zote. Mwaka 1999 shirika la ICANN, linaloratibu mfumo wa majina ya intaneti duniani, lilipitisha sera ya kusuluhisha mizozo ya majina kama .com nje ya mahakama. Anayelalamika sharti athibitishe mambo matatu, na yote matatu. La kwanza, jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu. La pili, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu ya jina hilo. La tatu, lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya.

Zingatia hilo la tatu: nia mbaya. Sera yenyewe inataja mifano. Je, ulilichukua hasa ili umuuzie mwenyewe kwa bei ya juu? Ulitaka kumzuia mshindani wako? Unawavuta wateja wake kwa kuwachanganya? Na inampa mshtakiwa nafasi ya kujitetea: labda anajulikana kwa jina hilo, labda alikuwa ameanza biashara halali kabla ya mzozo, au anatoa maoni tu bila kutafuta faida. Ukishindwa, hufungwi wala hutozwi fidia. Jina linahamishwa au linafutwa, basi.

Sasa linganisha na kwetu. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao mnamo Mei 2018. Chama cha Wanablogu Kenya kikakimbilia Mahakama Kuu, vifungu 26 vikasimamishwa, kisha Februari 2020 mahakama ikasema sheria yote ni halali na vikaanza kutumika. Kimojawapo ni Kifungu cha 28. Kinasema kwamba mtu anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara, kikoa au neno lingine lolote lililosajiliwa, linalomilikiwa au hata linalotumiwa na mwingine kwenye intaneti, bila idhini wala haki, ametenda kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Soma tena polepole. 'Jina.' 'Neno lingine lolote.' 'Linalotumiwa.' Kwa kipimo hicho, ni nani kati yetu hajawahi kutumia neno linalotumiwa na mtu mwingine mtandaoni?

Utaniambia kwamba neno 'makusudi' lipo kukulinda. Halikulindi vya kutosha. Makusudi yanauliza kama ulijua unachofanya, hayaulizi kwa nini ulikifanya. Mwanafunzi wa chuo anayefungua tovuti ya kumkejeli mbunge wake kwa kutumia jina la mbunge huyo anafanya makusudi. Mpenzi wa timu ya mpira anayefungua tovuti ya mashabiki anafanya makusudi. Mteja aliyechoka anayeweka neno 'tumechoka' mbele ya jina la kampuni anafanya makusudi kabisa. Hakuna kati yao anayeuza jina wala kumlaghai mtu, lakini kifungu hakitaji nia mbaya popote, wala hakitaji kejeli, ukosoaji au habari kama utetezi. Kuamua kama ulikuwa na 'haki' kunaachiwa afisa wa polisi atakayekuja kukuchukua, na hakimu atakayekuona siku kadhaa baadaye.

Usidhani ninatia chumvi. Mwishoni mwa Mei 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa baada ya kuunda tovuti iliyomsaidia Mkenya kutuma bungeni pingamizi kuhusu Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya sheria hiihii, ingawa kwa kifungu kingine. Juni, mahakama ya Milimani ilisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Alishinda, naam. Lakini kufikia hapo alikuwa ameshalala korokoroni siku kadhaa. Kwa sheria iliyoandikwa kwa maneno mapana, adhabu huanza kabla ya kesi.

Kuna wanaosema tukilegeza kifungu hiki tutawafungulia matapeli. Wasiwasi wao nauelewa. Sote tumewahi kutumiwa kiungo cha 'nafasi za kazi' chenye jina la shirika kubwa, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa, kikidai elfu mbili za 'uchunguzi wa afya'. Huyo ni mwizi na afungwe. Lakini hatuhitaji Kifungu cha 28 kumfunga. Kifungu cha 29 kinahusu kujifanya mtu mwingine, na cha 30 kinamlenga anayefungua tovuti ili kukulaghai utoe siri zako, chenye adhabu kali zaidi: faini ya hadi Sh300,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mtego wa tapeli upo tayari. Kinachobaki kwa cha 28 ni mizozo ya nani ana haki ya jina, na mzozo wa aina hiyo hauhitaji pingu. Unahitaji mwamuzi.

Na mwamuzi wenyewe ni ghali. Ukinyang'anywa jina la .com, kulalamika mbele ya shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa, WIPO, kunaanzia dola 1,500. Piga hesabu: ni karibu Sh200,000. Yaani kiwango cha juu kabisa cha faini ambayo mnyakuzi angetozwa Kenya ndicho unachotakiwa kulipa wewe uliyenyakuliwa, kabla hujasikizwa. Kwa benki hiyo ni bajeti ya chai. Kwa mshona mikoba wa Kawangware ni cherehani kadhaa.

Kwa majina ya .ke, KeNIC ina sera yake ya kusuluhisha mizozo nje ya korti, na hilo nalipongeza. Lakini uliza vijana kumi wanaouza bidhaa mtandaoni kama wamewahi kuisikia. Binamu yangu hakuisikia kwa polisi, hakuisikia kwa wakili wala kwa wakala aliyekuwa akipokea elfu moja ya kila mwaka. Dawa ambayo mgonjwa hajui ipo haitibu.

Ndiposa nina mapendekezo manne, na natumai mtu wa bungeni anayasoma.

Mosi, Bunge lirekebishe Kifungu cha 28. Liingize neno 'nia mbaya' na kueleza maana yake, na liandike wazi kwamba kejeli, ukosoaji, habari, mashabiki na mtu anayetumia jina lake mwenyewe si wahalifu.

Pili, KeNIC na Mamlaka ya Mawasiliano waweke utaratibu mfupi wa mizozo midogo: fomu moja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ada ambayo hasla anaweza kuimudu, uamuzi ndani ya siku 30. Ushahidi usiwe cheti cha alama ya biashara pekee. Picha za oda za miaka miwili, malipo ya M-Pesa na lebo zilizoshonwa zihesabiwe pia.

Tatu, mawakala walazimishwe kutuma ujumbe kwa simu ya mwenye biashara kila jina linaposajiliwa kwa niaba yake, ukisema: jina hili limeandikishwa kwa fulani. Ujumbe mmoja wa aina hiyo ungemwokoa binamu yangu.

Nne, unaposajili jina la biashara kwenye eCitizen, mtambo ukuonyeshe palepale kama kikoa chake kipo wazi. Serikali ilishatufundisha kufanya kila kitu kwenye skrini hiyo moja. Iongeze na hili.

Hayo ni ya wakubwa. Yako wewe hayangoji Bunge. Leo jioni, kabla hujaingia TikTok, tafuta jina la biashara yako kwenye huduma ya WHOIS iliyo kwenye tovuti ya KeNIC. Kama liko wazi, lisajili kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi, si ya mpenzi, si ya rafiki 'anayejua kompyuta'. Kama una tovuti tayari, mwombe fundi akuonyeshe limeandikishwa kwa nani, na nywila ya akaunti ya usajili uwe nayo wewe. Andikianeni hata kwa WhatsApp kwamba jina ni mali yako na yeye analipwa kwa kazi tu. Weka kikumbusho cha siku ya kulipia upya, maana jina likiisha muda, kuna watu kazi yao ni kuvizia saa hiyo. Na usimwogope fundi wako, wengi ni waaminifu. Mwaminifu hatakasirika ukimuuliza.

Kama wewe ndiwe fundi, nina neno nawe pia. Chapaa ya kumshikia mteja jina lake ni tamu mara moja. Lakini huyo mteja ana marafiki, na Nairobi ni kijiji.

Binamu yangu sasa ana jina jipya na lebo mpya. Risiti ya usajili wa kikoa ameichapisha na kuibandika ukutani juu ya cherehani, karibu na leseni ya kaunti. Wateja humuuliza ni cheti cha nini. Yeye huwajibu, "Hiyo ni title ya ploti yangu."